Kiazi cha okidi: mhadhara kuhusu maua ya Kitulo

Shikamooni wakubwa, na vijana mambo vipi. Waliosimama nyuma sogeeni huku mbele viti bado vipo, maana nina picha nyingi leo na nyingine ni za maua madogo sana, ukikaa mbali utaona majani tu. Na kwa kweli hiyo ndo shida yenyewe iliyonileta hapa, watu wengi wakipita Kitulo mwezi wa saba wanaona majani makavu, wanaona baridi, wanasema hapa pamekaa bure, kwa nini pasilimwe.

Kwa wasiopajua, Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kule Makete mkoani Njombe na kipande kinaingia Mbeya, ni uwanda ulioko kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari na mlima Mtorwi unafika mita 2,961. Ukitokea Chimala unaipanda ile barabara ya Hamsini na Saba, kona baada ya kona mpaka Matamba, ukifika juu hewa inabadilika kabisa. Udongo ni wa volkano. Miezi ya kiangazi baridi inapiga mpaka sakitu inakaa kwenye majani asubuhi, afu mvua zikianza kwenye mwezi wa 11 huko mpaka wa nne, ule uwanda unageuka, njano, zambarau, nyeupe, pinki, kila wiki chache maua mengine yanapokea zamu. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na ndani yake okidi zinazoota ardhini ni aina 45, aina 45 jamani, kwenye eneo la kilomita za mraba 400 na kitu. Ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndo hifadhi ya kwanza Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa sababu ya maua, siyo tembo wala simba.

Sasa naomba mniangalie hii picha. Hii ni okidi ya jamii ya Disa, nzuri eeh? Kila mtu anapiga picha ya juu hapa. Mimi nataka tushuke chini ya udongo, kwa sababu huo uhai tunaosema tunaulinda uko kule chini. Okidi hizi za ardhini zina viazi, mara nyingi viwili, kimoja ni cha mwaka huu ambacho ndo kimetoa hilo shina na hilo ua, kimeshaanza kulegea na kunywea, na cha pili pembeni yake ni kipya, kigumu, kimejaa chakula, hicho ni cha mwaka ujao. Ni kama ghala. Sakitu ikija, kiangazi kikija, juu kila kitu kinakufa unaona majani makavu tu, lakini kile kiazi kipya kiko hai kinasubiri mvua. Ndo maana nasema anayeiona Kitulo mwezi wa saba akadhani ni patupu amekanyaga ghala na hajui.

Na mbegu zake sasa. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, mahindi yana akiba, maharage yana akiba, hii haina. Kwa hiyo ikianguka chini haiwezi kuota peke yake mpaka ikutane na fangasi wake kwenye udongo, wale fangasi ndo wanailisha mwanzoni mpaka ipate nguvu ya kutoa majani, na hapo bado miaka kadhaa kabla hujaona ua. Mbegu zinamwagika maelfu kwa maelfu, zinazofanikiwa ni chache mno. Mnaelewa maana yake? Ukichimba okidi moja iliyokomaa hujaondoa mmea mmoja unaorudi mwakani, umeondoa kazi ya miaka mingi, na ukigeuza udongo kwa jembe unavuruga na wale fangasi, hata mbegu za jirani zikidondoka pale zinakosa wa kuzilisha.

Tuje kwenye chikanda, wengi mlikuwa mnasubiri hapa. Chikanda ni chakula cha Zambia, hasa kwa Wabemba kilikuwa chao toka zamani, viazi vya okidi vinakaushwa, vinatwangwa unga, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kinapikwa mpaka kinashikana halafu kinakatwa vipande. Ni chakula cha heshima na mimi sitaki mtu atoke hapa anawasema vibaya Wazambia. Ishu ni kwamba zamani watu walikuwa wanachimba kwao kidogo kidogo kwa kula nyumbani, baadaye kikaingia mijini, kikawa biashara kubwa, okidi za kwao zikapungua sana, wanunuzi wakavuka mpaka. Wakaja kwetu. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walitoa utafiti wao juu ya biashara hii Nyanda za Juu Kusini, na makadirio ya juu yalifika kama viazi milioni 4 kwa mwaka vinavyotoka Tanzania kwenda Zambia. Milioni 4, na kumbuka kinachotakiwa sokoni ni kile kiazi kipya, kile kigumu, yaani cha mwaka ujao.

Na anayechimba ni nani? Ni mama na watoto wake, wanapima kwa debe, wanapata hela ya daftari na sabuni, mnunuzi wa kati ndo anaondoka na faida. Kwa hiyo mimi napata shida sana nikisikia mtu amekamatwa na kikapu kimoja afu tunashangilia, wakati magunia yanapita barabarani kwenda Tunduma, mpakani na Zambia. Okidi zote ziko kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, biashara ya kuvuka mpaka inatakiwa vibali, sheria ipo. Ukaguzi uende kule kwenye gunia na lori kabla haujaenda kwa mama mwenye kikapu. Huo ni msimamo wangu na sioni sababu ya kuupunguza makali.

Halafu kuna jambo lingine ambalo watu hawalipendi nikilisema. Miti. Tumefundishwa toka shule ya msingi kwamba kupanda mti ni kulinda mazingira, na mara nyingi ni kweli, lakini nyasi za Kitulo hazikuwa msitu uliokatwa, ni uwanda wa nyasi wa asili, okidi zake zimezoea jua la wazi. Ukipanda mipaini pale unaleta kivuli, majani yake yanafunika udongo, mbegu zinapeperushwa na upepo zinaota mbali na shamba lako, na inakunywa maji kuliko nyasi. Baada ya miaka michache okidi hakuna. Na yule aliyepanda anaamini kabisa ametenda jema! Mashamba ya viazi mviringo na pareto yanakula kingo za uwanda kwa namna yake pia, ila kwa viazi angalau mtu anaona kwamba kitu kimeondolewa, kwa miti watu wanapiga makofi.

Maji nimeyagusa, niseme kidogo. Vijito vya huko juu vinashuka kuingia Ruaha Mkuu, vinapita Usangu, vinaenda Mtera na Kidatu kwenye mabwawa ya umeme. Kwa hiyo hata asiyejali maua ana sababu yake.

Na ndege wapo, tandawala wa Denham, mbayuwayu buluu ambaye anakuja kuzaliana kipindi cha mvua, wote wanategemea nyasi hizo hizo, sitaingia huko leo.

Maswali sasa. Huyu kijana ameuliza kuhusu moto, kama tuuzime wote. Hapana, siwezi kusema hivyo. Mimea yenye viazi imezoea moto wa mara moja moja kwa sababu uhai wake uko chini, na kuna maua yanatoka vizuri baada ya kuungua. Hatari ni moto wa kila mwaka sehemu ile ile, au moto unaowashwa mvua zimeshaanza na machipukizi yametoka, huo unakula akiba yote kwa sababu mmea umeshatumia kiazi kutoa majani afu majani yanaungua kabla hayajarudisha kitu chini.

Dada ameuliza kwa nini tusizilime kama zao. Swali zuri sana, na watu wanajaribu, lakini rudi kwenye yale niliyosema ya mbegu, unahitaji maabara au fangasi sahihi, halafu usubiri miaka, wakati kuchimba porini ni asubuhi moja. Mpaka kulima kuwe rahisi kuliko kuchimba itachukua muda na okidi zilizoko leo haziwezi kusubiri. Kwa sasa bora mama yule apate hela kwa mgeni anayekuja kuziona, wageni bado ni wachache, na hela ifike kijijini kweli, isiishie kwa wenye magari.

Na mzee wangu hapo mbele umeuliza, sasa sisi tupande miti wapi, maana mbao ndo maisha yetu Makete. Mzee, panda. Panda kwenye shamba lililokwisha kulimwa, panda kuzunguka nyumba, ng'oa miche ya mipaini inayojiotea nje ya mpaka wako. Ila ukikuta eneo la majani ambalo baba yako na babu yako hawakuwahi kulilima, na mvua zikianza linatoa maua, hilo naomba uliache lilivyo, na ukiwa kwenye mkutano wa kijiji likaitwa eneo la wazi la kugawa, simama useme.