Saa za Mvuvi: Kuzuru Vijiji vya Uvuvi vya Bali

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kualikwa. Nimeombwa nizungumzie namna msafiri anavyopaswa kukizuru kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, na ningependa mtangulie kujua jambo ambalo mazungumzo yangu yote yatalizunguka. Mgeni anayekwenda bandarini kwa saa zinazomfaa yeye hukuta vyombo vimepandishwa pwani na nyavu zimeanikwa, akapiga picha, akaondoka. Bandari ina saa zake, na saa hizo hupangwa na upepo, mwezi na kalenda ya ibada.

Nianze na Amed, mashariki ya kisiwa, chini ya mlima Agung, ile volkano yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000 iliyolipuka na kuua watu wengi mwaka 1963, na kuamka tena mwaka 2017. Jina la Amed ni la kijiji kimoja, lakini wasafiri hulitumia kwa vijiji kadhaa vilivyofuatana ufukweni, penye mchanga mweusi na kokoto. Hapo ndipo zinapolala jukung. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tukiiona jukung hatuna haja ya maelezo marefu, maana ni nduguye ngalawa: chombo chembamba chenye matengo, yaani vielezo vya pembeni vinavyokizuia kupinduka, pande zote mbili na tanga la pembetatu. Undugu huo si wa sura peke yake. Wataalamu wengi wa historia ya vyombo wanauhusisha ufundi wa matengo katika pwani yetu na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, walewale ambao lugha yao imebaki Madagaska hadi leo. Tofauti nazo zipo, na zinafaa kutazamwa kwa makini. Matengo ya ngalawa ni mbao zilizochongwa, ilhali ya jukung ni mianzi mizima inayoelea. Na omo ya jukung, yaani sehemu yake ya mbele, huchongwa kwa mfano wa gajah mina, kiumbe wa masimulizi mwenye kichwa cha tembo na mwili wa samaki, akapakwa macho makubwa ili chombo kione njia gizani.

Jukung hushuka majini kabla ya alfajiri kupambazuka, na hurejea jua likiwa limepanda kidogo. Nilifika ufukweni mapema nikangoja. Yapata saa mbili za asubuhi matanga yalianza kuonekana upande wa mlango wa bahari wa Lombok, penye mkondo mkali ambao wavuvi wa huko wanauheshimu sana, na kila tanga lilikuwa na rangi zake. Chombo cha kwanza kilipokaribia, mwenyewe aliteremsha tanga, na wanaume waliokuwa wakingoja waliingia majini hadi magotini, wakaweka mabega chini ya miti inayoshika matengo, wakanyanyua kwa pamoja na kukipandisha chombo mbio hadi juu ya mstari wa maji. Hakuna aliyetoa amri. Ndani mlikuwa na sehewa wachache wa kung'aa, mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, na karibu na omo palikuwa na canang sari, yaani kisahani cha makuti kilichosukwa kwa mkono, chenye maua na punje za wali, maua yake yakiwa yamekwisha kunyauka kwa chumvi. Sadaka hiyo huwekwa kila siku. Msafiri akiikuta mchangani asiiruke wala asiikanyage, apite pembeni.

Nyuma ya jukung, baadhi ya familia bado hutengeneza chumvi kwa kukausha maji ya bahari katika magogo ya minazi yaliyochimbwa, nayo ni kazi ya kiangazi tu.

Ibada niliyoitaja ndiyo inayofunga bandari pia. Wahindu wa Bali huipa milima heshima ya utakatifu na kuiogopa bahari, lakini ni baharini humohumo wanakovipeleka vitu vyao vitakatifu kutakaswa katika ibada ya Melasti, siku chache kabla ya Nyepi, mwaka mpya wao. Siku ya Nyepi, ambayo mwaka 2025 ilikuwa tarehe 29 Machi, hapawashwi moto, hapafanywi kazi na hapana safari: uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24, kivuko cha Gilimanuk, cha kwendea kisiwa cha Java, husimama, na hakuna chombo kinachotoka. Anayepanga safari aitafute tarehe hiyo kwanza.

Magharibi, karibu kilomita 100 kutoka Denpasar, mji mkuu wa Bali, ipo bandari ya Pengambengan, ambayo wageni wengi hawaifikii, nami naiona kuwa ndiyo yenye mengi zaidi. Wavuvi wengi wa hapo ni Waislamu, wengi wao wakiwa wa asili ya visiwa vya Java na Madura. Vyombo vyao, selerek, ni vikubwa, vimepakwa rangi na kunakshiwa tangu omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, vingine vikiwa na kiti kama cha enzi kilichoinuliwa juu. Hutoka viwili viwili usiku, wakazungusha wavu kuwazingira lemuru, samaki wa jamii ya dagaa wanaopelekwa kwenye viwanda vya makopo. Na kwa kuwa samaki huvutwa kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na vyombo hubaki gatini, kama vile wavuvi wetu wa dagaa wanavyopumzika mbalamwezi inapowaka.

Mimi nilifika mwezi ukiwa umejaa, kwa kutoulizia, nikadhani nimepoteza safari. Nilikuta bandari nzima imejaa selerek zilizofungwa ubavu kwa ubavu, na mabaharia, ambao siku nyingine wasingekuwa na nafasi ya kuzungumza na mtu, wameketi kivulini wakishona nyavu, vidole vya miguu vikivuta uzi. Mzee mmoja alisogea akanipa nafasi. Tulikaa hapo, yeye akishona na mimi nikimshikia wavu, mpaka ilipoadhiniwa magharibi.