Kazi na Sababu Zake: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Masoko na Ubunifu

Mkuu wa idara, wahadhiri, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga maisha ya kazi katika masoko, matangazo, usanifu wa michoro na fani nyingine za ubunifu hapa kwetu. Sitazungumzia kipaji, kwa kuwa asiyekuwa nacho kabisa hafiki mwaka wa mwisho, na aliyefika anacho cha kuanzia. Nitazungumzia jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowatenga wanaodumu katika kazi hii na wanaoiacha mapema, nalo ni uwezo wa kueleza kwa nini kazi yako iko hivyo ilivyo. Mteja akinunua mchoro hununua na sababu zake, maana ni sababu hizo atakazozitetea mbele ya mkurugenzi wake siku ambayo wewe haupo chumbani.

Chukueni kanga, ambayo wengi wenu mmebebwa ndani yake na pengine hamjawahi kuitazama kama kazi ya masoko. Ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yanayochapwa juu ya pindo la chini. Msanifu wake hana uhuru mkubwa. Lazima achore akijua kwamba kitambaa kitauzwa doti, kitakatwa vipande viwili na kukunjwa upindo, kimoja kifungwe kiunoni na kingine kitupwe mabegani, na kwamba maneno yale yatasomwa na mtu aliye nyuma ya mvaaji huku wote wawili wanatembea. Ndiyo maana herufi huwa kubwa, mstari huwa mmoja na sentensi huwa fupi. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo watu wa pwani walilijua kwa alama yake ya «Mali ya Abdulla», lilianza mwaka 1887, na ndilo linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza kuweka methali na misemo kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno ya awali yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakachapwa kwa herufi za Kirumi, kwa sababu wasomaji walikuwa wanabadilika na muuzaji aliwafuata walikokwenda.

Hapo pana jambo ambalo vitabu vya masoko huligusa kwa haraka mno. Kwa muda mrefu kanga zilichapwa mbali, Uholanzi, Uingereza, India na Japani, kabla viwanda vyetu havijaanza kuzichapa; Urafiki hapa Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968. Mitambo ilikuwa kwao, lakini ujuzi wa nini kichapwe ulikuwa dukani pwani, kwa mtu aliyewasikia wanawake wakiuliza, wakikataa, wakirudi na mashoga zao. Mnunuzi wa kanga hutazama rangi, kisha husoma jina, na hapo ndipo biashara hufungwa au kuvunjika. Akichagua «Usisafirie nyota ya mwenzio», anajua amvalie nani na amvalie siku gani. Aliyeitunga hajui, wala hahitaji kujua. Amemwachia mvaaji nafasi ya kuyafanya maneno kuwa yake. Matangazo yetu mengi ya leo hushindwa hapo hapo. Yanaeleza kila kitu, yanajisifu kuanzia juu hadi chini, na hayamwachii mtu hata neno moja la kwenda kumwambia mwenzake.

Mfano wa pili ni wa redio. Mwezi Julai mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati, uliokusudiwa kuzungumza na wananchi juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Kabla ya maandishi ulifanyika utafiti wa kuwajua wasikilizaji: wanaamini nini, wanaogopa nini, wanazungumzaje mambo haya majumbani mwao. Kutokana na kazi hiyo alizaliwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya njiani, ambaye mwishowe anaugua na kufa. Pembeni yake yupo mkewe, Tunu, anayeamua kujitegemea, na wapo Fundi Mitindo na mkewe, watu wa kawaida wanaobadili mwenendo wao polepole. Hakuna mhusika aliyepewa hotuba ya kuwahutubia wasikilizaji. Ujumbe ulipitishwa katika maamuzi ya wahusika na matokeo yake, na msikilizaji akaachiwa ahukumu mwenyewe.

Ninachotaka mkiangalie kwa karibu zaidi ni namna walivyopima. Kwa miaka miwili ya mwanzo, hadi mwaka 1995, kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo ule. Kiliendelea na vipindi vyake vyenyewe, ili watafiti waweze kulinganisha eneo lililosikia na eneo ambalo halikusikia. Kama mwenendo wa watu ungebadilika sawasawa pande zote mbili, mchezo usingeweza kujidai chochote. Watafiti waliona mabadiliko katika maeneo yaliyosikiliza, na Dodoma ilipoanza kupata kipindi, nayo ikafuatiliwa. Najua hakuna mteja wa sabuni atakayewapa miaka miwili na mkoa mzima wa kulinganishia. Hata hivyo fikra yenyewe haina gharama. Ukipeleka tangazo la dukani katika matawi matatu na kuliacha tawi la nne kwa wiki chache, tayari una kitu cha kumwonyesha mteja kuliko kumwambia kwamba watu wamelipenda. Idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda mtandaoni si mauzo, na mkurugenzi wa fedha anayelijua hilo ndiye atakayekata bajeti yenu.

Kuhusu nafasi zenyewe za kazi sitachukua muda mrefu, maana mmefundishwa. Katika wakala wa matangazo mtamkuta anayeshughulika na wateja, mwandishi wa maneno ya tangazo, msanifu wa michoro, mpanga mikakati, na mtu wa kununua nafasi redioni, kwenye televisheni na mitandaoni. Katika kampuni ndogo mtakuta hao wote ni mtu mmoja, tena ndiye anayekwenda kuchukua mabango kwa mchapaji. Wote huanzia kwenye waraka wa maelekezo, ambao maofisini tunauita brifu. Brifu mbaya ni ile inayosema «tunawalenga vijana wa mijini». Vijana gani? Anayepanda daladala saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu kiwandani na anayeamka saa nne ni vijana wa mji mmoja, lakini tangazo la redio la asubuhi litampata mmoja tu. Msione haya kuirudisha brifu ya namna hiyo kwa aliyeileta, kwa adabu, na maswali yakiwa yameandikwa.

Kuna sheria pia, na ujinga wa sheria siku hizi ni ghali. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Yule bwana anayewauzia orodha ya namba za simu ili mtume ujumbe wa promosheni kwa watu wasiokubali kutumiwa anawauzia kesi.

Sasa nije kwenye makaratasi, ambako wabunifu wengi hodari hupotelea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hakimiliki hupatikana kazi inapokuwa imeumbwa, lakini swali ni ya nani. Hapa kwetu mambo hayo yanaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo chini yake kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama makubaliano yatasema vinginevyo. Kwa hiyo msanifu wa Nairobi anayechora nembo bila mkataba asishangae akiiona kwenye bidhaa kumi ambazo hazikutajwa siku ya kupatana. Andikeni kazi itatumika wapi, kwa muda gani, marekebisho ni mangapi ndani ya bei ile, na nani anabaki na faili za asili.

Fahamuni vilevile kwamba sheria hulinda kazi, hailindi mtindo. Edward Said Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 hapa Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya mbao zilizoshindiliwa, na akauza upande wa Oysterbay, ambako wageni wenye fedha walikuwa wakipita. Alikufa mwaka 1972. Wanafunzi na jamaa zake waliendeleza mtindo ule, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika, lakini hakuna awezaye kumzuia mtu mwingine kuchora chui mwenye madoa kwa namna hiyo na kuuza. Aliye katika hali hiyo hulindwa na sahihi yake, wateja wake na ubora unaotambulika.

Tena msitegemee mlipaji mmoja. Mchora katuni Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaanza masomo ya usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi, na mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchora katuni katika gazeti la Nation. Mwaka 2009 kipindi cha vikaragosi cha The XYZ Show, alichokibuni, kilianza kurushwa, wakati angali mchoraji wa gazetini. Mkataba wake wa gazetini ulipokoma mwaka 2016, hakuwa ameweka kazi yake yote mahali pamoja.

Kuhusu malipo, semeni bei mapema na mtoe ankara. Mkiwa wakaazi wa Tanzania na mkampa kampuni ankara ya shilingi 2,000,000 kwa huduma ya kitaalamu, itakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 100,000, na mtapokea 1,900,000. Hamjaibiwa. Daini cheti cha kodi ya zuio, kwa sababu fedha ile huhesabiwa mnapofanya hesabu za kodi za mwaka. Nimewaona watu wakilipa mara mbili kwa kukosa karatasi ile moja. Na anayewaomba kazi ya bure kwa ahadi ya kuwatangaza, muulizeni atawatangaza kwa nani. Mara chache jibu huwa zuri. Likiwa zuri, kubalini, lakini kwa maandishi.

La mwisho ni kabrasha la kazi mtakalopeleka kwenye usaili. Kazi tano au sita zinatosha. Chini ya kila moja andikeni nani alikuwa akisemeshwa, tatizo lilikuwa nini, mlikataa mawazo gani na kwa nini, na nini kilitokea baada ya kazi kutoka. Ikiwa mlikuwa wanne, semeni ninyi mlifanya lipi, kwa kuwa mji huu wa watangazaji ni mdogo na anayewasaili huenda anafanya kazi na hao watatu. Kama hamjapata mteja, chukueni duka la mtaani lenye tatizo la kweli, mwombeni mwenye duka ruhusa, fanyeni kazi na mhesabu wateja kabla na baada. Kazi hiyo ina uzito kuliko tangazo la kubuni la kampuni kubwa ambayo haijawaagiza chochote.

Muda uliobaki ni wa maswali. Nimeambiwa wapo kati yenu walioletewa mikataba na wamekuja nayo; ningependa tuanze na hao, kabla hawajatia sahihi.