Mlenda wa Wayoruba, hapa Peckham

Haya ndugu zangu, karibuni tena! Leo nipo Peckham, kusini mwa London, na watu wa Dodoma kaeni vizuri, hiki mnakijua. Tazameni nikinyanyua kijiko... mnaona uzi huo? Mlenda! Ule wa majani yenye meno pembeni, ambao Waluhya wanauita mrenda. Wayoruba wa Nigeria wanauita ewedu.

Mama mwenye mgahawa kaniruhusu niingie jikoni. Majani kayachemsha na magadi, kama bibi zetu tu. Ila mpekecho hana. Ana kifagio kifupi cha chelewa, ijabe, hakifagii popote, kazi yake ni hii tu: anakidundisha humohumo sufuriani, pu-pu-pu, mpaka majani yanalainika kabisa. Kisha anatia iru, mbegu zilizochachushwa. Jamani, harufu! Inakupokea ukiwa bado barabarani.

Hii ya manjano ni gbegiri: kunde zimemenywa maganda, zikachemshwa mpaka zikavurugika, zikatiwa mawese. Unamwagia zote mbili kwenye amala, juu unaweka mchuzi wa pilipili na nyama. Hapo ndipo inaitwa abula. Amala yenyewe ni ugali wa viazi vikuu vilivyokaushwa na kusagwa. Weusi wake usikutishe, ni laini kuliko sembe.

Ukitaja abula umetaja Ibadan. Mji ule unajivunia amala yake, na kwenye buka, vile vibanda vya mama ntilie wao, bosi na dereva wanakula benchi moja. Halafu kuna Sango, mungu wa radi, anayesimuliwa kuwa aliwahi kuwa mfalme wa Oyo. Amala ni chakula chake. Wayoruba waliouzwa utumwani Brazil walikwenda naye, na mpaka leo kule Salvador anapikiwa amalá, ingawa ya kwao ni ya bamia.

Sasa sisi, mgeni akija, mlenda tunaufunika tunakimbilia kuku. Hapa ewedu inapakuliwa harusini, mbele ya watu waliovaa wakapendeza! Hilo linaniuma kidogo, sifichi.

Wagogo, niambieni: huu ukitiwa karanga utaharibika au utanoga? Mama hapa kanikatalia katakata, hataki hata kusikia. Haya, naweka simu chini ninawe mikono, amala ikipoa inakuwa ngumu.