Sakulenti Yako na Dirisha Lake: Jua Kiasi Gani Ndani ya Nyumba

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuitika. Mada ya leo ni moja: sakulenti, yaani mmea unaohifadhi maji kwenye majani au shina lake, ikiwa kwenye chungu ndani ya nyumba ipate jua kiasi gani, na ilipate kutoka dirisha lipi.

Naanza na dirisha, maana hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa mmea uuweke kwenye dirisha linalotazama kusini. Ushauri huo unamfaa mtu wa Uingereza. Huko jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na wakati wa baridi hushuka mpaka likaingia ndani kabisa ya chumba. Sisi tuko karibu na ikweta. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini yake. Juni, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Desemba limeshahamia kusini, nyuzi 73. Kwa hiyo dirisha la kusini pale Dar halioni jua la moja kwa moja tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Nusu mwaka!

Halafu kuna upenu wa paa. Chukua nyumba yenye upenu wa sentimita 60, uliokaa juu tu ya dirisha la kaskazini. Mchana wa Juni kivuli cha upenu huo kinashuka mita 1 nzima. Kama dirisha lina kimo cha mita 1.2, jua linabakiwa na ukanda wa sentimita 20 tu chini kabisa, na huo ndio mwezi ambao jua la mchana liko chini kuliko miezi yote. Dirisha la kusini, mchana wa Desemba, kivuli kinakaribia mita 2, yaani dirisha lote limefunikwa. Upenu umejengwa kuzuia joto, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana.

Kwetu, basi, dirisha la sakulenti ni la mashariki. Tangu kuchomoza hadi kama saa 4 asubuhi jua linaingia kwa ubavu, chini ya upenu, na halijawa kali. Masaa hayo matatu na nusu hivi, yakifuatwa na mwanga wa anga mpaka jioni, yanaitosha Echeveria, sakulenti yenye majani yaliyopangwa kama waridi, iliyokaa kizingitini penyewe. Dirisha la magharibi linakuja la pili. Mwanga wake ni mwingi vilevile, ila unafika wakati chumba kimeshachemka, na chungu cha plastiki cheusi kikigusa kioo Januari, mizizi inaungua. Hapo sogeza chungu sentimita 20 kutoka kwenye kioo, au shusha pazia jepesi kuanzia saa 9 alasiri.

Nasema kizingitini penyewe kwa makusudi. Macho yetu yanajirekebisha, kwa hiyo chumba chote tunakiona kina mwanga, kumbe mita 2 ndani mwanga unaweza kuwa chini ya sehemu ya kumi ya ule wa dirishani. Jua kali la mchana nje hufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi; katikati ya sebule nyingi hupati hata 500. Ongeza wavu wa mbu uliojaa vumbi, unaoweza kula hadi theluthi ya mwanga. Kuuosha wavu huo ni tiba ambayo watu huisahau kabisa.

Jinsi ya kupima: saa 4 asubuhi weka karatasi nyeupe pale mmea utakapokaa, shika kiganja sentimita 30 juu yake. Ukiona kivuli chenye vidole vilivyokatika wazi, hapo Echeveria na mishubiri mingi itakaa vizuri. Kivuli kikiwepo lakini kingo zimefifia, weka sakulenti zinazovumilia kivuli, kama Haworthia, Gasteria au Sansevieria. Usipoona kivuli, usiweke kitu hapo. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele. Kwa programu ya kupima laksi, elekeza uso wa simu dirishani. Echeveria inataka zaidi ya 10,000 kwa masaa kadhaa ya siku.

Tofauti hiyo inatokana na asili zao. Echeveria nyingi ni za milima ya Meksiko, kwenye miamba iliyo wazi. Haworthia, kule Afrika Kusini, hujificha chini ya vichaka na kwenye nyufa za mawe. Sansevieria zetu za porini huota kwenye kivuli cha vichaka vya nchi kavu. Waridi la jangwani, kwa maoni yangu, lisiingizwe ndani hata kidogo. Lipe roshani yenye jua la kutwa.

Sasa dalili. Mmea wenye njaa ya mwanga hauonyeshi unyonge mwanzoni. Unaonekana unakua haraka, na mwenyewe anafurahi. Itazame Echeveria kwa karibu: majani ya chini yanainama kuelekea udongo, katikati panakuwa kijani hafifu, kisha kati ya jani na jani linaonekana shina tupu. Shina lililorefuka halifupiki tena, hata ukiupa jua lote. Inabidi ukate kichwa. Futa kisu kwa spiriti, bakiza sentimita 2 au 3 za shina chini ya kichwa, kiweke mahali pakavu penye kivuli siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kifunge. Pwani, kwa unyevu wa hewa, subiri zaidi. Kisha kikalishe juu ya mchanganyiko wa nusu kokoto ndogo na nusu mboji, usimwagilie mpaka kianze kutoa mizizi. Kisiki usikitupe. Kiache dirishani, kitatoa machipukizi.

Kosa la upande wa pili ni kuutoa mmea kivulini na kuuweka juani siku hiyo hiyo. Unapata baka jeupe au la kahawia, kavu, upande uliotazama jua, na baka hilo halitoki mpaka jani life. Wekundu ulioenea sawasawa kwenye kingo ni jambo jingine, hiyo ni rangi ya kujikinga na haina madhara. Ukinunua, muulize muuzaji kama mmea ulikuwa juani au chini ya wavu wa kivuli. Kama ni chini ya wavu, anza na saa moja tu ya jua la asubuhi, ongeza nusu saa kila baada ya siku mbili. Na kila wiki zungusha chungu robo ya duara, si nusu, kwa sababu mgongo wa mmea haujalizoea jua.

Jingine: mwanga ukipungua, maji yapungue. Mmea wa kivulini hunywa polepole, udongo unabaki na maji, mizizi inaoza. Mimea mingi inayosemwa imekufa kwa maji ilianza kufa kwa giza.

Asiye na dirisha lolote la kufaa anunue taa ya LED nyeupe ya wati 20, ya rangi kati ya kelvini 5,000 na 6,500. Itundike sentimita 20 hadi 30 juu ya mmea, iwake masaa 12 kwa siku. Hiyo ni uniti 7 na kidogo kwa mwezi. Kama una Kalanchoe ya maua, usiizidishie masaa hayo. Inahitaji usiku mrefu ili ichanue, na taa ya sebuleni inayowaka mpaka saa 5 usiku inatosha kuifanya ikae majani matupu mwaka mzima. Ihamishie chumba ambacho hakiwashwi taa, au ifunike kwa boksi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi, kwa wiki 6 hivi, mpaka uone vitumba.