Baada ya Kupenda, Umekuwa Nani? Mhadhara wa Lamu kuhusu filamu huru za mapenzi

Asalaam aleikum. Mama zangu, ahsanteni kwa kufika. Na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, songeeni mbele, mikeka ipo.

Nimeombwa nizungumzie filamu za mapenzi, zile zinazotengenezwa nje ya makampuni makubwa. Wengi wetu hapa tumelelewa na filamu za Kihindi: wawili wapendane, wazee wakatae, waimbe mvuani, mwisho harusi. Sizibezi, nimezililia sana. Ila pale swali ni moja tu, watapatana au hawatapatana? Filamu za leo zinauliza jingine: huyu mtu, baada ya kupenda, amekuwa nani?

Nianze na India hiyo hiyo. Mwaka 2013 Ritesh Batra alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, The Lunchbox. Mhusika mkuu ni mwanamke aitwaye Ila, mke wa nyumbani mjini Mumbai, na mumewe hata hamtazami. Kila asubuhi anapika, anapanga chakula kwenye mkebe wa tabaka, na wachukuzi waitwao dabbawala wanaupeleka ofisini kwa mume. Mkebe unapotea njia, unatua mezani kwa Saajan, karani aliyefiwa na mkewe na aliyekaribia kustaafu. Wanaanza kuandikiana vibarua, vinakwenda na kurudi ndani ya mkebe. Siku wanayoahidiana kukutana mkahawani, Saajan anakwenda, anamwona Ila amekaa peke yake, anajihisi mzee, anageuka bila kumsemesha. Filamu inaisha hatujui kama walionana. Najua mwisho wa namna hii huwaudhi watu, nami uliniudhi mara ya kwanza. Lakini mtazameni Ila mwenyewe. Alianza kwa kutafuta kiungo cha kumrudisha mume. Anamalizia kwa kuvua vito vyake na kujiandaa kuondoka na mwanawe. Saajan hajamtoa popote. Kilichomtoa ni kule kuandika, kwa sababu alipata mtu wa kumsoma.

Hapa niingie nyumbani kidogo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate yetu hii, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia. Mama ni mgonjwa, anamwita mtoto aje akae karibu na wino na karatasi, kisha anamweleza namna ya kuishi na mume: namna ya kumlaza, kumwamsha, kumpikia, kumridhi. Wako humu ndani wanaoujua kwa moyo. Mimi jambo moja halinitoki: kalamu anayo Mwana Hashima, lakini maneno yote ni ya mama. Binti hajibu hata ubeti mmoja. Simlaumu Mwana Kupona. Ni mwanamke aliyejiona anakufa, akaacha alichokuwa nacho. Nasema tu kwamba filamu ninazozipenda zinaanzia pale ambapo binti anageuza karatasi aandike upande wa pili.

Hakuna ninayoiona karibu na sisi kama Atlantique ya Mati Diop, iliyopata Tuzo Kuu ya majaji, ile ya pili kwa ukubwa, kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2019. Ni Dakar, lugha ni Kiwolof, na bahari haiondoki kwenye picha. Vijana wanajenga jumba refu, miezi inapita hawalipwi. Usiku mmoja wanapanda mashua kuelekea Hispania, na Souleiman anaondoka bila kumuaga Ada, mpenzi wake. Ada naye ameshaposwa na Omar, mwenye fedha zake. Siku ya harusi mashoga zake wanaingia chumbani kukitazama kitanda cheupe kilivyotandikwa, wanakisifu. Kina mama mnakijua vizuri chumba hicho. Usiku huo huo kitanda kinashika moto na hakuna anayejua nani aliyekiwasha.

Halafu filamu inafanya jambo ambalo mtu wa pwani halimshangazi: waliozama wanarudi, wanawapanda wasichana wa mtaani, na usiku wasichana hao wanamwendea tajiri mwenye lile jumba kumdai mishahara. Penzi la Ada limefungamana na deni, huwezi kulisimulia bila kusema nani hakulipwa. Mwishoni anaitazama kamera, anataja jina lake, anasema mustakabali ni wake. Ameshampoteza Souleiman na ameshamkataa Omar. Anayebaki pale ni yeye.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, sitaikalia sana kwa sababu riwaya ya Shafi Adam Shafi wengi mliisoma shuleni. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anapata hifadhi kwa Mwajuma, anampenda Denge anayepigania uhuru Zanzibar. Niongeze tu kwamba kuisikia filamu ya mapenzi ikisema Kiswahili cha visiwani, polepole, bila kuona haya, ni raha.

Si zote nzuri. Ziko filamu huru ambazo mwanamke anatazama dirisha dakika kumi tukaambiwa anajitafuta. Nyingine humleta mtu kutoka mbali, mwenye nauli ya kutosha, aje ajigundue ufukweni kwa watu, na sisi tuwe mapambo: nahodha mcheshi, punda, jua linazama. Vijana wa Lamu wenye simu za kupigia picha, nawaomba msianze hapo. Jahazi la Shela limeshapigwa picha likachoka.

Fedha kidogo si lazima iwe balaa. Usipokuwa na hela ya ngoma na magari, kamera inalazimika kubaki chumbani na watu wawili, na hapo uso hauna pa kujificha. Yule Ila wa The Lunchbox anazungumza na jirani wa ghorofa ya juu filamu nzima, na sisi sauti ya yule bibi tunaisikia, sura hatuioni. Mhusika kamili, hajavishwa hata nguo! Nyumba zetu hizi za mawe, ambamo maneno hupita juu kwa juu kutoka dirisha hadi dirisha, zinaweza filamu kama hiyo kesho asubuhi.

Kipaza sauti kiko kwa yule kijana wa kanzu ya kijivu. Anzeni kina dada, maana safari iliyopita kaka zenu walimaliza muda wote.