Kutu kwenye fremu ya kioo cha mbele: safisha mpaka chuma king'ae

Karibuni, ndugu zangu. Leo tuko Nyakato, hapa Mwanza, na pikapu ya zamani, zile ambazo kioo cha mbele kinashikwa na raba. Tazama kona hii ya chini: rangi imevimba. Nikiichokoa kwa bisibisi inabanduka, na chini yake ni unga mwekundu. Kutu kubwa imejificha ndani ya raba, kwa hiyo kioo lazima kitoke. Ukipaka rangi juujuu, masika yakifika itavimba tena.

Wengi wanalilaumu ziwa, lakini maji ya Victoria hayana chumvi. Mkosaji ni maji ya mvua yanayotuama na vumbi chini ya raba iliyokakamaa.

Vaa miwani na glavu, kisha funika dashibodi na viti, maana cheche za grinda zinatoboa vitambaa. Raba kavu ikate kwa wembe, usiihurumie. Mmoja asukume kioo taratibu kutoka ndani, mwingine apokee nje.

Sasa brashi ya chuma, halafu msasa namba 80. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Sogeza kamera: unaona vidoa vyeusi ndani ya vishimo? Hiyo bado ni kutu. Endelea mpaka chuma king'ae, kisha paka dawa ya kutu kama kopo linavyoelekeza.

Mulika tochi kutoka ndani. Mwanga ukipenya, pana tundu. Tafadhali, usilizibe kwa puti, puti inanyonya maji. Kata bati bovu, uchomelee kipande kipya kwa nukta nukta, ukiacha lipoe kati ya nukta moja na nyingine. Bati likipindwa na joto, kioo hakitakaa sawa na kinaweza kupasuka.

Siku hiyohiyo paka praima ya epoksi, usilaze chuma kitupu. Kisha rangi, na ikauke kabisa.

Vika kioo raba mpya, zungushia kamba kwenye mfereji wa raba unaoshika fremu, paka maji ya sabuni. Kikae kwenye fremu, uvute kamba kutoka ndani huku mwenzako akikipigapiga kwa kiganja nje. Silikoni inayonuka siki usiiguse: inatoa asidi inayokula chuma. Na gari lako likiwa la kioo cha kugandishwa, tumia gundi ya yurethani.

Mwagia maji kuanzia juu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Likionekana tone, inua mdomo wa raba hapo, kausha, jaza sili ya vioo vya magari, mwagia tena.