Kilele cha 583 na kilele cha 609: jemaniamu inavyosoma udongo wa Mrima

Zuhura: Karibuni tena. Leo tuna kigunduzi kimoja tu cha mionzi, kile cha fuwele ya jemaniamu safi, na tutakifuata kwa sampuli moja: udongo wa kilima cha Mrima kule Kwale, ambako mwamba una thoriamu nyingi kupita kawaida. Kaka Juma, kwa nini tuhangaike na mitungi ya nitrojeni ya kukipoza, wakati kigunduzi cha sodiamu ayodaidi kinafanya kazi mezani bila baridi yoyote?

Juma: Ahsante dada. Tuchukue mistari miwili ya gama, yaani nishati mbili maalumu za miale inayotoka kwenye viini vya atomi; kila moja huchora kilele chake kwenye grafu ya kigunduzi. Thoriamu ikioza hatua kwa hatua hufika kwenye taliamu-208, inayotoa gama ya 583.2 keV (keV ni eV elfu moja, na eV, elektroni-volti, ni kipimo cha nishati). Uraniamu nayo hufika kwenye bismathi-214, inayotoa 609.3. Kati yao kuna 26 keV tu. Sodiamu ayodaidi nzuri, ukiupima upana wa kilele kwenye nusu ya kimo chake, hukupa kama asilimia 7 pale 662 keV, yaani 46 keV hivi. Vilele vipana hivyo vikikaribiana kwa 26 vinakuwa mlima mmoja, na huwezi tena kusema hii thoriamu, hii uraniamu. Kwa jemaniamu upana pale ni kama 1.4 keV. Vilele vinasimama kama minazi miwili shambani, na katikati unaona ardhi.

Zuhura: Ukali huo unatoka wapi?

Juma: Kwenye pengo la nishati. Ndani ya fuwele, elektroni haijiamulii nishati ya kuwa nayo. Sheria za kwanta zimepanga bendi: ya chini imejaa, ya juu tupu, katikati hakuna pa kukanyaga. Kwa jemaniamu iliyopozwa pengo hilo ni kama 0.74 eV. Gama ikiingia inang'oa elektroni moja, nayo inakimbia ikizigonga nyingine mpaka nishati yote iishe. Kila elektroni iliyopanda huacha shimo nyuma yake, na jozi moja ya elektroni na shimo hugharimu wastani wa 2.96 eV.

Zuhura: Pengo 0.74, bei 2.96. Hiyo ni mara nne.

Juma: Ndiyo, kwa sababu robo tatu ya nishati huishia kuitetemesha fuwele. Sasa piga hesabu. Gama ya 609.3 keV inanunua jozi kama 206,000, na idadi hiyo ndiyo kigunduzi kinaisoma kama nishati. Kama kila jozi ingezaliwa kivyake, bila kujali nyingine, idadi ingeyumba kwa kipeuo cha pili cha hiyo, kama 454, na kilele kingekuwa na upana wa 3.2 keV hivi. Lakini jumla ya nishati imefungwa. Kilichotumika huku hakipo kule, kwa hiyo kuyumba kunapungua. Ugo Fano alilieleza jambo hili mwaka 1947, na kwa jemaniamu kigawo chake, kinachozidishwa na idadi kabla ya kutafuta kipeuo, ni kama 0.1. Upana unashuka hadi 1 keV. Kinachobaki mpaka 1.4 ni kelele za vikuza umeme na chaji chache zinazopotea njiani.

Zuhura: Hapo ndipo mtu aelewe kwamba huwezi kuurekebisha upana wote kwa kununua vifaa bora. Ile 1 keV imo ndani ya fuwele yenyewe.

Juma: Kabisa. Sasa, pengo jembamba lina bei yake. Kwenye joto la chumba, joto lenyewe hurusha elektroni juu: kila sentimita moja ya ujazo inakuwa na elektroni huru zipatazo trilioni 24. Ukiweka volti 3,000 hapo ili kukusanya chaji, umeme unaovuja unafunika kila kitu. Ukipoza hadi 77 kelvini, ambayo ni nitrojeni kimiminika inayochemka, elektroni hizo zinatoweka.

Zuhura: Halafu kuna usafi. Jemaniamu ina atomi kama 4.4 × 10²² kwa kila sentimita ya ujazo, na tunataka atomi za uchafu zenye umeme zisizidi 10¹⁰. Ni moja katika trilioni nne na ushei. Uchafu ukizidi, volti haziwezi kuisafisha fuwele yote iwe tupu ya chaji. Sehemu ya ndani inabaki imelala, gama ikipigwa pale haihesabiki. Kabla ya miaka ya 1970 walijaza litiamu ndani ya fuwele ili kufidia uchafu, na vigunduzi vile vilipaswa kukaa kwenye baridi siku zote, hata vikiwa safarini. Nitrojeni ikiisha, litiamu inahama na kigunduzi kimekwisha. Cha leo kinaweza kupata joto bila kufa.

Juma: Lakini kwa masharti, na hapa naomba tukae kidogo, maana vigunduzi vingi vinaharibikia hapa. Fuwele iko ndani ya ombwe. Ombwe hilo hulindwa na chembe za kunyonya gesi zilizo upande wa baridi. Nitrojeni ikiisha usiku, chembe zinapata joto na kuachia gesi zilizozinyonya. Asubuhi mtu anakuja, anaona mtungi mtupu, anajaza haraka. Kosa. Ukipoza nusunusu, gesi zile zinaweza kuganda juu ya uso wa fuwele badala ya kurudi kwenye chembe, na uso mchafu unavujisha umeme.

Zuhura: Afanye nini basi?

Juma: Azime volti, aache kila kitu kifike joto la chumba kabisa. Siku nzima na zaidi, asikimbilie. Kisha ajaze, angoje tena mpaka fuwele ipoe kikamilifu, kwa mtungi wa lita 30 hesabu usiku mzima. Ndipo apandishe volti, hatua za 100 hivi, akiangalia mkondo unaovuja. Ukikaa kwenye pikoampea (sehemu ya trilioni ya ampea) chache hadi makumi, endelea. Ukipanda ghafla, rudi chini, usijaribu kulazimisha.

Zuhura: Na asome cheti cha kigunduzi kabla hajagusa kitufe. Fuwele ya aina ya p (yenye mashimo ya ziada) yenye umbo la silinda hupewa volti chanya, ya aina ya n (yenye elektroni za ziada) hasi. Ukigeuza, transista ya mwanzo iliyo karibu na fuwele inaweza kuungua, na hiyo iko ndani ya ombwe; humtumi fundi wa mtaani. Tena dirisha la chumba liwe wazi wakati wa kujaza. Lita moja ya nitrojeni ikigeuka gesi inakuwa kama lita 700, na inasukuma hewa ya kupumua nje.

Juma: Nalisisitiza hilo. Nitrojeni haina harufu wala rangi.

Zuhura: Tuseme baridi iko sawa, volti ziko sawa, lakini kilele kina mkia upande wa chini. Tatizo ni nini?

Juma: Angalia kwanza kama mkia unakua sampuli ikiwa kali. Ukikua, tazama marekebisho ya kikuza umeme, ile skrubu inayohakikisha pigo la umeme linarudi sifuri bila kuzama chini yake. Pigo linalofuata likikaa juu ya shimo hilo, linasomwa dogo kuliko lilivyo. Mkia ukibaki vilevile hata kwa sampuli dhaifu, shuku nyutroni. Zikigonga fuwele zinahamisha atomi, na pale pana mtego unaokamata mashimo. Fuwele ya n huvumilia zaidi, kwa sababu ndani yake gama nyingi zinapigwa karibu na ukingo wa nje ambao ndio unaokusanya mashimo, hivyo safari yao ni fupi. Dawa ni kuipasha fuwele hadi kama 100 °C kwa siku kadhaa chini ya ombwe.

Zuhura: Na vilele vya nishati ndogo vikinenepa peke yake?

Juma: Mtikisiko. Weka kiganja juu ya meza: jenereta, feni, hata kuchemka kwa nitrojeni yenyewe. Gama ya 609 huzaa chaji ya femtokulombi 33 tu. Kitu kidogo hivyo kinasumbuliwa na chochote.

Zuhura: Haya, udongo wa Mrima. Ukaushe kwenye oveni ya 105 °C mpaka uzito usibadilike, upondwe, uchujwe, ujazwe kwenye kopo lenye shimo katikati linalokaa juu ya kigunduzi. Lifungwe kabisa kisha lingoje wiki nne. Radoni-222, gesi iliyo kati ya uraniamu na bismathi-214 kwenye mlolongo, ina nusu uhai ya siku 3.8; ikivuja, bismathi-214 inapungua nawe utasema uraniamu ni kidogo. Kifuniko cha plastiki kilichofungwa kwa mkono hakitoshi, zungushia utepe usiopitisha gesi.

Juma: Kwenye thoriamu kuna makosa mawili ninayoyaona mara nyingi. La kwanza, bismathi-212 hugawanyika: asilimia 36 tu hupita kwa taliamu-208. Ukisahau kugawanya, thoriamu yako ni theluthi ya ilivyo. Tena 583 hutoka pamoja na gama ya 2614. Zikiingia fuwele kwa mpigo mmoja, zinahesabiwa kama kitu kimoja na kilele cha 583 kinapoteza. Kopo likiwa karibu, sahihisha.

Zuhura: La pili?

Juma: Potasiamu-40. Kilele chake ni 1460.8 keV. Lakini aktiniamu-228, iliyomo kwenye mlolongo wa thoriamu, ina mstari wa 1459.1. Tofauti 1.7 keV, na pale upana wa jemaniamu unakaribia 1.9. Hata kigunduzi hiki hakivitenganishi vizuri. Miozo 1,000 ya aktiniamu hutoa gama kama 8.3 za 1459. Miozo 1,000 ya potasiamu-40 hutoa 107 za 1461. Kwa udongo wa kawaida husikii. Lakini sampuli ikiwa na miozo ya thoriamu mara 10 ya ile ya potasiamu-40, utaongeza potasiamu kwa karibu asilimia 80 isiyokuwepo.

Zuhura: Kwa hiyo tunatoa kwa mstari gani?

Juma: 911.2, ya aktiniamu hiyohiyo. Iko peke yake na ni kali: 258 kwa kila miozo 1,000. Ihesabu, ugawe kwa 31, urekebishe kwa uwezo wa kigunduzi wa kuona nishati hizo mbili, kisha upunguze kwenye kilele cha potasiamu. Fanya hivyo kabla hujaandika namba yoyote kwenye ripoti ya Mrima.